Mwongozo kamili: kuzunguka Arusha na Kilimanjaro kwa nauli ndogo, kwa hiace, Noah na lifti

Maswali ninayoletewa na wasafiri ni yale yale, linalobadilika ni jina la mahali tu. Nimefika Makuyuni saa kumi na mbili jioni, Noah zote zimejaa, nafanyaje? Nimelipa elfu kumi kutoka Moshi mpaka Marangu, ni sawa? Nimesimama Sakina, ndani ya jiji la Arusha, tangu asubuhi nikisubiri lori la Namanga, mbona hayapiti?

Wengi wanaokwama hela wanazo. Wamekwama kwa sababu wamepanga safari kwa kuangalia saa na ramani. Huku kwetu gari linamfuata mfanyabiashara. Mama wa ndizi akishuka sokoni, gari linashuka. Akipanda kurudi nyumbani, gari linapanda naye. Ukijua yeye anatembea saa ngapi, utafika karibu kila kona ya mikoa hii kwa nauli ya mwananchi. Usipojua, utakodi.

## Vitu vya kuwa navyo

Chenji. Noti za buku (elfu moja) na buku mbili, na sarafu za mia tano. Ukitoa noti ya elfu kumi kwa nauli ya elfu moja na mia mbili, konda atakwambia "subiri mbele", na huko mbele utashuka bila chenji yako.

Kitambulisho. Cha taifa (NIDA), au pasipoti kama huna. Njia za Holili, Tarakea na Namanga ziko mpakani, na watu wa uhamiaji husimamisha magari hata kabla hujafika mpakani wenyewe.

Begi moja la kupakata. Mzigo wa kwenye buti unalipiwa, tena kwa bei ya kukisia. Begi kubwa pia linawaita wapiga debe kutoka mbali.

Simu yenye chaji, na ramani uliyokwisha kuipakua. Kuna vipande baada ya Longido na kule Engaruka ambako mtandao hukata.

Sweta na leso. Sweta kwa Karatu na Rombo, hasa Juni hadi Agosti. Leso ni ya vumbi.

Hela ya gesti, mfuko wake peke yake. Hii usiiguse kwa nauli wala chakula. Mtu asiye na hela ya kulala hupanda gari lolote linalosimama usiku, na hapo ndipo mabaya hutokea.

## Hatua ya 1: Panga safari kwa njiapanda

Usiandike "Moshi mpaka Mto wa Mbu". Andika njiapanda unazopita, kwa sababu hapo ndipo magari hubadilishwa na ndipo mtu hukwama. Kutoka mashariki kwenda magharibi, za kuzijua ni hizi.

*Njiapanda ya Himo.* Ukitoka Moshi, barabara ya Mwanga, Same na Dar inakata kulia. Ukinyoosha unaingia Himo mjini, na ni kutoka Himo mjini, si pale njiapanda, ndiko magari hupanda kushoto kwenda Marangu, Mwika na Rombo, au hunyoosha kwenda Holili. Watu hushushwa njiapanda wakadhani wamefika, kisha wanasubiri gari la Marangu mahali ambapo magari ya Dar ndiyo yanapita.

*Kwa Sadala na njiapanda ya Machame.* Ziko jirani na hazifanani. Masama unapandia Kwa Sadala, Machame unapandia njiapanda yake.

*Boma Ng'ombe.* Hapa kuna Sanya Juu na Siha upande wa juu. Upande wa chini kuna njia ya vumbi ya Rundugai, inayokwenda kwenye chemchemi ya Chemka.

*Njiapanda ya KIA.* Upande wa kusini ni uwanja wa ndege na Mererani.

*Usa River, Ngaramtoni na Kisongo.* Hizi tatu ndizo milango ya jiji la Arusha. Tutazirudia kwenye lifti.

*Makuyuni.* Kama kilomita 80 kutoka Arusha. Kulia ni Mto wa Mbu na Karatu, kunyoosha ni Minjingu, Magugu na Babati.

Utajua hatua hii imekamilika ukiweza kumjibu konda yeyote swali la "unashukia wapi?" kwa jina la njiapanda, bila kufungua simu.

## Hatua ya 2: Jua saa ya watu

Magari ya milimani hushuka alfajiri na kupanda mchana hadi jioni. Hii ni kweli Kibosho, Uru, Machame, Rombo, na pia Usangi na Ugweno ukiwa Mwanga. Asubuhi saa 12 wanashuka wanafunzi, wafanyakazi na akina mama wenye mizigo. Kuanzia saa 7 au 8 mchana wanarudi.

Sasa wewe unayetaka kupanda Materuni, kule Uru, saa 3 asubuhi unakwenda kinyume na watu. Gari lipo stendi Moshi, lakini halina abiria, na dereva haondoki na siti tupu. Unakaa saa nzima, unachoka, bodaboda anakuja na bei yake. Dawa ni mbili: ondoka na gari la alfajiri lililoshusha watu na linageuza kwenda kuchukua wengine, au tulia mpaka mchana. Gari linalogeuza huwa halikai stendi.

Siku ya soko inavunja kanuni hii kwa faida yako. Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Siku hizo magari yanajaa kabla hujamaliza kusalimia, yanakwenda na kurudi mchana kutwa. Kila mahali pana soko lake na siku yake, kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwenyeji liwe "soko lenu ni lini?" kabla hata ya kuuliza nauli.

Angalizo: Masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo za juu milimani huteleza, na magari mengine huishia nusu ya njia. Uliza "leo linafika juu?" kabla ya kukaa.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya nauli kabla hujafika stendi

Nauli ina kanuni. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hupanga kiwango kwa kilomita. Katika viwango vilivyoanza Desemba 2023, basi la daraja la kawaida kwenye lami lilipangiwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita, na la daraja la kati shilingi 67.84. Daladala za mjini, safari isiyozidi kilomita 10, zilipangiwa shilingi 600. Likitoka tangazo jipya, badilisha namba. Hesabu inabaki ile ile.

Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Zidisha kwa 48.47, unapata kama 3,900. Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110, unapata kama 5,300. Boma Ng'ombe hadi Moshi, kama kilomita 25, ni 1,200 na ushee.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayoliwa sana. Konda akikuokota katikati hupenda kukutajia nauli ya kutoka mwanzo wa ruti. Mwambie kwa upole, "Kaka, mimi nimepandia Boma, kutoka Boma ni elfu na mia mbili." Ukitaja namba mwenyewe hubishani naye muda mrefu. Ukiuliza "shilingi ngapi?" umeshampa nafasi.

Noah ni habari nyingine. Inakimbia na inajaa haraka, lakini hutoza juu ya basi. Kama huna haraka, coaster au basi. Kama jua linazama, lipa ya Noah usilalamike.

## Hatua ya 4: Pita stendi bila kuuzwa

Arusha kuna zaidi ya stendi moja: Stendi Kuu, Kilombero, Makao Mapya. Ukimuuliza mtu "stendi iko wapi?" atakuonyesha iliyo karibu naye. Uliza hivi: "Gari za Karatu zinapakia wapi?" Muulize muuza maji au mama ntilie. Mpiga debe analipwa kwa kila kichwa, hivyo jibu lake daima ni gari lake.

Mbele ya gari, maswali ni matatu, kwa mfuatano huu:

1. "Mwisho wapi?" Gari la "Marangu" linaweza kuishia Himo.
2. "Wamebaki wangapi?" Halafu hesabu mwenyewe kwa macho.
3. "Shilingi ngapi?" Swali hili ni la kulinganisha na hesabu yako tu.

Kuhusu hilo la pili: gari linaloonekana limejaa huenda halijajaa. Vijana wa stendi hukaa ndani wakijifanya abiria, ili wewe uone imebaki siti moja ukakimbilia. Utawatambua: hawana hata mfuko mkononi, wanakaa karibu na mlango, na kila anapoingia abiria wa kweli mmoja wao anashuka "kununua vocha". Ukiona watatu wa namna hiyo, gari lina nusu saa zaidi. Nenda kanywe chai.

Usilipe gari likiwa limesimama. Nauli hutolewa gari likishatoka geti, labda kama ni basi la masafa lenye tiketi. Hapo kata tiketi dirishani kwao na uidai ya mashine, yenye namba ya gari na jina lako.

Siti. Kwenye hiace epuka ile ya juu ya injini nyuma ya dereva. Kwa Arusha–Moshi utafika nyama choma. Siti ya dirishani, safu ya pili, upande wa kivuli, ndiyo ya mwenyeji.

## Hatua ya 5: Ukifaulishwa, usilipe mara mbili

Umetoka Moshi kwenda Arusha, mmefika Usa River, abiria wamebaki sita. Konda anaona hasara kuwafikisha mjini. Anasimamisha gari lingine, anamkabidhi konda mwenzake hela kidogo, nanyi mnaambiwa mhamie huko. Hiyo ndiyo kufaulishwa, na hutokea sana jioni.

Unapofaulishwa usishuke kimya. Hakikisha konda wa kwanza anamwambia wa pili mbele yako: "Huyu anashuka Kilombero, ameshalipa." Subiri uone hela inabadilisha mkono. Konda wa pili akikudai njiani, mjibu kwa sauti ya kusikika na gari zima, "Mwenzako amekupa mbele yangu." Abiria wenzako watakusaidia, maana wao pia wamefaulishwa.

Kama hujalipa bado, raha yako. Mlipe wa kwanza kipande chake tu. Ndiyo maana kwenye hiace mimi napendekeza ukae na nauli mkononi mpaka uombwe. Wanaolipa mapema ndio huumia hapa.

Na jambo moja la basi lolote: usipokee biskuti, juisi wala pipi kwa usiyemjua, hata awe amekuita mwanangu tangu Same.

## Hatua ya 6: Lifti

Lifti ipo, na watu huitumia kila siku, hasa pale hiace zinapoishia. Lakini lifti ya huku mara nyingi si ya bure. Ni nafasi kwenye gari la mtu, kwa hela ya soda mliyokubaliana. Ukiielewa hivyo hutagombana na mtu.

Simama wapi. Hapa ndipo wengi hufeli. Barabara ya mchepuo ya Arusha, kilomita 42, inazunguka jiji kutoka Usa River hadi Ngaramtoni. Lori la kwenda Namanga halina sababu ya kuingia mjini, ndiyo maana yule wa Sakina alisubiri bure. Sheria ni moja: simama mbele ya mahali njia zinapoungana. Kwa Namanga, panda daladala mpaka Ngaramtoni uvuke maungio. Kwa Makuyuni, Babati na Karatu, nenda Kisongo, ukishapita uwanja mdogo wa ndege. Kwa Moshi, vuka Usa River. Kwa Dar na Same, njiapanda ya Himo, ambapo malori hupunguza mwendo kwa ajili ya mizani.

Kwenye mizani kuna faida nyingine. Dereva amesimama, una muda wa kusalimia na kumwona uso kabla hujaamua kupanda.

Pasipo mizani, tafuta tuta la barabarani lenye nafasi ya gari kutoka pembeni. Usisimame kwenye kona wala mteremkoni, kwani lori lenye mzigo halisimami mteremko kwa ajili yako.

Ishara. Nyoosha mkono chini kidogo ya bega, kiganja kikitazama ardhi, uupungie juu chini taratibu. Kidole gumba waachie wazungu. Dereva atakujibu kwa gumba lake na kupita akicheka. Akikuzungushia kidole kuelekea chini, maana yake anaishia hapo karibu.

Soma gari. Namba ya njano ni gari binafsi. Nyeupe ni la biashara. ST mwanzoni ni la serikali, DFP ni la miradi ya wafadhili, na hayo yote mawili kwa kawaida hayabebi.

Kisha soma mzigo. Fuso ya vitunguu inayotoka Mang'ola inakwenda Arusha au Namanga, haiishii Mto wa Mbu. Fuso tupu yenye turubai lililokunjwa inaelekea shambani kupakia. Lori la ng'ombe litakufikisha, lakini polepole na kwa harufu yake. Magari ya watalii hurudi matupu Arusha baada ya kushusha wageni Karatu, na madereva wake wanaijua barabara kuliko mtu yeyote. Ila wengi wamekatazwa na waajiri wao kubeba mtu, kwa hiyo omba mara moja, akikataa usimsumbue.

Omba hivi. Salamu kwanza. "Shikamoo mzee. Pole na safari. Naelekea Makuyuni, nina buku mbili ya soda, utanisogeza?" Umetaja mahali, umetaja hela, umemwachia aamue. Mimi hupendekeza uanzie karibu na nusu ya nauli ya basi. Akitaka nauli kamili, subiri basi, lina bima ya abiria.

Kwenye lori panda kabini, pamoja na utingo. Kukaa juu ya mzigo ni kosa, trafiki akiwaona mtashushwa, na wanaoanguka toka juu ya magunia hawapati nafasi ya pili.

Wakati wa kukataa. Kataa gari dogo ambalo tayari lina wanaume wawili au watatu na dereva ndiye anayekuita wewe kwa bei ya chini. Gari la namna hiyo likikuweka katikati kiti cha nyuma, hushuki na simu. Kataa mwenye harufu ya pombe. Kataa lifti yoyote baada ya saa 12 jioni, bila kujali utamu wa maneno.

Kabla ya kufunga mlango, piga picha ya namba ya gari na uitume kwa ndugu, tena waziwazi, huku ukisema, "Namwambia dada niko na mzee wa Fuso." Dereva mwema hatakasirika.

Dada anayesafiri peke yake: kwa maoni yangu lifti ya gari dogo iache kabisa, labda kama ndani kuna familia. Tofauti ya hela ni ndogo mno.

Lifti imefanikiwa pale ulipoketi kwa makubaliano, mtu wako anajua namba ya gari, na utashushwa kwenye njiapanda yenye watu, kabla giza halijaingia. Kufika haraka si kipimo.

Usijaribu huku: lifti ya kupita Ngorongoro kuelekea Loliondo au Musoma. Lango la Lodoare lina kiingilio kwa kila kichwa, na ukivuka kwenda Serengeti unalipa tena. Na njia ya Mto wa Mbu–Engaruka–Ngaresero magari yake ni ya kuhesabu. Panda basi lake, usitegemee bahati.

## Hatua ya 7: Kipande cha mwisho

Bodaboda au bajaji. Patana kabla ya kupanda, na sema yote: "Kwenda na kurudi, na kunisubiri." Chemka ni mfano mzuri. Kutoka Boma kwenda ni rahisi. Kurudi jioni usipokuwa na mtu uliyepatana naye, bei inapanda kadiri jua linavyoshuka. Hela ya kurudi mpe mkirudi.

## Mfano: Moshi hadi Mto wa Mbu kwa siku moja

Saa 12 asubuhi uwe stendi Moshi, panda coaster ya Arusha. Shuka, ulizia zinapopakia za Karatu, usiondoke na yoyote kabla ya kujibiwa "mwisho wapi". Kama zinasuasua, chukua daladala hadi Kisongo: pale unapata basi la Babati lenye siti, au lifti, mpaka Makuyuni. Makuyuni vuka barabara, simama upande wa Mto wa Mbu baada ya njiapanda yenyewe, siyo kwenye vibanda vya nyama ambako kila mpiga debe atakudaka. Noah za Karatu hupita pale zikiwa zimeshusha mtu mmoja mmoja, na siti yako ndiyo hiyo iliyoachwa. Ukiwa Makuyuni kabla ya saa 8 mchana, huna wasiwasi.

## Ukikwama

Saa 11 jioni ikikukuta njiapanda bila gari, acha kusimama barabarani. Nenda kituo cha polisi au kwenye kizuizi cha trafiki kama kipo, msalimie afande, mweleze unakokwenda. Mara nyingi wao ndio wanaosimamisha mabasi, na dereva aliyeombwa na afande hupata nafasi ambayo wewe uliambiwa haipo.

Ikishindikana, chukua gesti kwa ile hela uliyoitenga. Makuyuni, Himo, Boma na Longido zote zina vyumba vya bei ya kawaida. Mwambie mhudumu usiku ule ule unakokwenda. Anawajua makonda wa gari la kwanza, atampigia mmoja akuwekee siti, na alfajiri litasimama mlangoni likipiga honi. Uwe umeshaoga na chenji iko mfukoni, kwa sababu hasubiri mtu.